Zamu ya Kufua

Jumuiya yetu ya Magomeni husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye biashara zao. Tunazunguka nyumba kwa nyumba. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa majirani, mkeka unatandikwa kwa waliokosa viti, Injili ya Jumapili inasomwa, na aliyeguswa na neno analisema. Kisha yanakuja matangazo. Wengi huanza kutazama saa zao hapo, lakini mimi naona Injili yenyewe ndipo inapoanza: nani anaumwa, nani amefiwa, nani kaachiwa watoto na mume, nani hajaonekana tangu mwezi uliopita na hakuna aliyekwenda kumbishia hodi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani, nadhani walikuwa wanayafikiria matangazo kuliko mahubiri. Hilo ni wazo langu tu, paroko asije akaniita ofisini.

Ni kwenye matangazo tuliposikia habari za Bibi wa Mbinga. Kijana mmoja wa jumuiya, fundi umeme, alisimama akasema mama yake mkubwa anakuja kutibiwa Ocean Road. Amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi katika Hospitali ya Peramiho, wakamwandikia rufaa. Yeye anaishi chumba kimoja na mke na watoto, na mgonjwa atahitaji pa kulala wiki tano au zaidi. Aliyasema haraka haraka akakaa, kama mtu aliyetaja deni.

Ukiitaja Ocean Road mjini kwetu, watu hushusha sauti. Ni Taasisi ya Saratani, iko kando ya bahari, penye lile jengo la hospitali walilojenga Wajerumani mwaka 1897. Barabara ya mbele yake ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, lakini bado sijamsikia mtu akimwelekeza mgonjwa kwa jina hilo. Mionzi ya ugonjwa kama wa bibi hupigwa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano hivi, na mara nyingi inakwenda pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Kwenye mashine kwenyewe ni dakika chache tu. Mtu wa Magomeni anakwenda na kurudi. Mtu wa Mbinga, aliyekaa kwenye basi karibu kilomita elfu moja, hawezi kurudi kwao kuingojea kesho. Kwa hiyo shida ya mgonjwa wa mkoani si dawa peke yake. Kuna kitanda, kuna uji wa saa kumi na moja alfajiri, kuna mtu wa kumshika mkono anapopanda gari.

Mzee mmoja akapendekeza tuchange, tumpangie chumba gesti. Mama mmoja akapendekeza novena, sala ya siku tisa. Sikuwa na ugomvi na yeyote, na novena tuliisali. Lakini Yakobo ana ule mstari wake mchungu kuhusu mtu anayemwambia mwenye njaa na baridi, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," na kila ninapousoma nasikia sauti za watu ninaowafahamu. Chumba kilikuwepo kwangu, kwa sababu mwanangu yuko chuoni Dodoma. Kazi yangu ni ushonaji, cherehani iko barazani, siku nzima nipo nyumbani. Nikasema aje kwangu.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wetu hakupiga. Ni mama mfupi aliyeuza samaki Feri maisha yake yote, na huwezi kumpitishia hesabu isiyokamilika. Akaniuliza mbele ya wote: "Sawa dada, atalala kwako. Jumatatu utampeleka wewe. Jumatano nani?" Kimya. "Na nguo zake nani atafua?" Kimya zaidi. Akamtuma mtoto dukani akanunue kauntabuku, akaipigia mistari pale pale kwa rula: siku upande mmoja, kazi upande mwingine. Kusindikiza. Kupika. Kufua. Kulala naye usiku wa dripu. Kisha akasema hatutoki hapa mpaka kila mstari uwe na jina.

Tangu siku ile ninaposoma habari za Msamaria mwema, macho yangu hayaishii kwenye mafuta na divai. Wahubiri wetu hupenda sana pale barabarani, pale anapoinama. Lakini yule mtu alikuwa na safari yake, na kesho yake aliendelea nayo. Alichofanya ni kumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, kutoa dinari mbili, kumwambia mwenye nyumba amtunze na kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi. Huo ni mpango, wenye fedha, mtu wa zamu na tarehe ya kufuatilia. Hata Mitume, wajane wa Kiyunani walipolalamika kwamba wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, hawakuitisha semina ya upendo. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia meza. Nimeona huruma nyingi za machozi zikifia wiki ya pili, na sikumbuki hata moja iliyofia kwa kukosa machozi.

Bibi alifika jioni na mfuko wa maharage, unga wa dona, na kahawa ya shambani kwake iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyelima ngoro tangu utotoni, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke mlimani. Nilimpa maji ya kunawa, nikamkaribisha chakula. Aliuangalia ugali wangu wa sembe, mweupe kama ulivyo wa Dar es Salaam, akaonja, akasema kwa upole, "Mwanangu, huu ni mzuri wa wageni." Kesho yake nilisonga wa dona. Baada ya hapo alikula.

Usiku ule aliofika alinieleza jambo ambalo nadhani lilimtesa kuliko maumivu. Ugonjwa huu, ukiwa umefika mbali, unatoa uchafu, na uchafu una harufu. Kwao alikuwa ameacha kwenda misani. Alikuwa anakaa jikoni peke yake wageni wakija. Kwenye basi alilipia siti ya pembeni nyuma kabisa na akajifunga kanga tatu. Alinieleza ili niamue kama bado namtaka ndani.

Wote tunajua mistari ya Mathayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Kutazama kuna njia nyingi. Kuna kutazama kwa dakika kumi ukiwa umesimama mlangoni na leso puani. Katika jumuiya yetu kuna mkunga mstaafu, na yeye ndiye aliyetufundisha cha kufanya, bila maneno mengi. Mkaa kwenye beseni chini ya kitanda, unavuta harufu, ubadilishwe mara kwa mara. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kukalia. Vitambaa safi vya pamba vingi, vibadilishwe kabla havijalowa sana. Dirisha wazi. Na asubuhi aende akamwambie muuguzi wazi wazi, kwa sababu ziko dawa za kupunguza hilo na hazitolewi kwa mtu anayenyamaza. Bibi aliona aibu kumwambia muuguzi kijana, basi mkunga akaenda naye, akamsemea. Wakapewa dawa. Ndani ya siku chache hali ilibadilika, na mionzi nayo ikaanza kukausha.

Mimi nilikata mashuka mawili ya zamani nikashona vitambaa hivyo kwa cherehani, vyenye pindo ili visichanike. Kuvifua ndiyo ilikuwa zamu isiyotakiwa. Glavu, ndoo yake peke yake, jiki, jua kali. Katika kauntabuku, majina ya kusindikiza yalijaa haraka, kwa sababu kusindikiza kuna mwendokasi na hewa ya bahari, na watu wanakuona. Kufua kulibaki wazi mpaka alipojiandikisha mke wa yule fundi umeme, na baada yake, sikutarajia, mzee aliyependekeza gesti. Alisema marehemu mkewe aliumwa hivyo hivyo na yeye ndiye aliyemfulia, kwa hiyo anajua. Hakuwahi kutuambia. Alikuwa anakuja Alhamisi, anafua uani akiwa amekunja suruali, anaanika, anakunywa chai, anaondoka. Novena yake ilikuwa hiyo.

Majirani wengine walikuwa na hofu ya aina nyingine. Mama mmoja aliwakataza wanawe wasimsogelee bibi akitoka hospitali kwa sababu "ana mionzi mwilini." Wauguzi walitueleza vizuri, na nalirudia hapa kwa sababu bado nalisikia mitaani: mionzi inayopigwa kutoka nje kwa mashine haibaki mwilini. Mgonjwa anaweza kumpakata mjukuu jioni ile ile. Kinachotakiwa ni kutosugua alama alizochorwa ngozini, kwa sababu ndizo zinazoonyesha pa kupiga, kutopaka mafuta ya manukato sehemu ile, na kunywa maji. Anaharisha, anachoka sana, anasikia moto akienda haja ndogo. Ukijua hayo mapema unapika vyakula laini, unaacha mboga za majani zenye nyuzi, na humshangai akilala saa nane mchana.

Mtu wa kwanza kumzoea hakuwa wa kanisani. Kijana wa bajaji pale kijiweni, ambaye misa aliiacha zamani na hataki kuulizwa, aliona siku ya kwanza tunatembea taratibu kuelekea kituo cha mwendokasi. Kesho yake alikuwa mlangoni saa kumi na moja na nusu. "Shikamoo bibi, panda." Hakuandikwa kwenye kauntabuku, alikataa kabisa, alisema mambo ya kuandikana yanamkumbusha mikopo. Alikuja kila siku ya mionzi. Siku ambayo bajaji iliharibika alikuja na ya mwenzake.

Na jirani yangu wa ukuta mmoja, Mwislamu, tuliyezoeana mpaka watoto wetu wanachanganya nyumba, hakungoja kuitwa. Siku za dripu bibi alikuwa hawezi kumeza kitu, na uji wa kwangu ulikuwa unamrudi. Jirani akaja na uji wa mchele wenye tangawizi na limao kidogo. Huo ulikaa. Basi akachukua siku za dripu zote. Nilipomshukuru alinikata: "Shoga, mgonjwa ni wa mtaa."

Sasa niseme kidogo kuhusu watembeleaji. Walikuja wengi, na wengi walikuwa baraka. Ila wako waliokuja kusali kwa sauti kubwa, nusu saa nzima, juu ya kichwa cha mtu aliyetoka kutapika. Walikemea roho ya saratani. Mmoja alimwuliza bibi kama ameungama dhambi zote, jambo ambalo nilimaliza mimi mwenyewe mlangoni, tena kwa sauti ya chini. Na siku moja kilikuja kikundi fulani chenye fulana za kufanana, kikaleta sabuni na sukari, kikataka picha wakati wa kukabidhi. Bibi alikuwa amejifunga kanga tu, kichwa wazi. Akaniangalia. Nikawaambia sabuni tumepokea, Mungu awazidishie, picha hapana. Waliudhika. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, na sisi siku hizi tunaushikisha ule wa kushoto simu.

Ambacho sikukipanga kwenye kauntabuku ni kwamba bibi naye alikuwa na zamu zake. Wiki ya pili alikuwa ameshachukua kazi ya kuchambua maharage na mchele wa nyumba yangu na ya jirani. Wateja wangu wakija kupima nguo, walimkuta barazani akipokea watoto wao. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kule hospitali, kwenye benchi la kusubiri. Alikuwa anaongea na kila mtu. Alijua nani katoka wapi, nani kaja peke yake, nani damu imeshuka na amesimamishiwa mionzi mpaka ipande. Akirudi jioni ananipa taarifa, nami bado nina pini mdomoni: "Kuna binti wa Lindi hana ndugu hapa. Hana hata beseni. Na damu yake ndogo."

Hapo jumuiya ikagundua kwamba daftari la mgonjwa mmoja limekuwa la wengi. Mwenyekiti alilalamika, kisha akachora kurasa nyingine. Kuhusu damu, wanaume wa jumuiya, ambao kwenye kufua walikuwa wazito, walijitokeza bila kubembelezwa. Kwa utaratibu wetu mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne, na tukaanza kuandika pembeni ya jina la kila mmoja tarehe atakayoweza tena, ili wasiende wote siku moja halafu mwezi unaofuata tusiwe na mtu. Wakarudi wakitamba na kunywa soda. Tuliwaacha watambe.

Mhazina alikuwa na neno. Binti wa Lindi si wa jumuiya, si Mkatoliki, ni Mwislamu, na mfuko ni michango ya wanajumuiya ambao wengine nao wana ada za watoto. Sidhani alikuwa na roho mbaya. Mhazina asiyeuliza swali hilo ni hatari. Tulibishana Jumamosi mbili. Hoja iliyoshinda hata haikuwa ya dini. Mzee wa kufua alisema kwamba jirani Mwislamu anampikia mgonjwa wetu uji, na sisi tunakaa hapa tunahesabu. Tukakubaliana kwamba mfuko wa jumuiya utabaki wa wanajumuiya, na kwa wengine tutapitisha kikapu cha pekee, anayetaka atoe. Kikapu hicho hakijajaa hata siku moja, na hakijawahi kuwa kitupu.

Binti wa Lindi alifariki. Alikuja akiwa amechelewa mno, na damu zote zile zilimsogeza siku chache tu. Kaka yake kwenye simu alisema hawana uwezo wa kusafirisha mwili, azikwe huko huko, yeye yuko njiani. Hapo sisi tulikuwa hatujui hata pa kuanzia. Jirani yangu ndiye aliyesimama. Alimwita shehe, akaita wanawake wenzake wakamwosha, msikiti wa mtaa ukatoa jeneza la kubebea. Sisi tulitoa pesa ya sanda na usafiri, wanawake wa jumuiya wakapika kwa ajili ya waliokuja, na wanaume wetu wakaenda makaburini nyuma ya wenyeji wao, wakisimama waliposimama. Kaka alifika kabla ya kuzika. Tulimkabidhi rambirambi na beseni la dada yake lenye nguo zilizofuliwa, zimekunjwa.

Bibi alilia siku ile kuliko nilivyomwona akilia kwa ajili yake mwenyewe. Alitaka kujua kwa nini yeye mzee amebaki. Sikumjibu, na mkunga, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila kitu, naye hakumjibu. Tulikaa barazani tukachambua maharage ambayo tayari yalikuwa yameshachambuliwa.

Watu wa Mbinga na Songea wamelelewa karibu na watawa Wabenediktini wa Peramiho, na kanuni ya mtakatifu wao, Benedikto, inasema mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, hata abate, mkuu wa monasteri, kwa mkono wake ammwagie maji ya kunawa. Bibi aliniambia alipofika kwangu, nilipomletea maji, alijua atapona au atakufa salama, moja kati ya hayo. Mimi siku ile nilikuwa ninawaza kama pazia la chumbani limefuliwa.

Alimaliza matibabu, akarudi kwao, na huwa anakuja kliniki kila anapopangiwa tarehe. Huja na dona. Lakini kabla hajaondoka mara ya kwanza alitupa kazi nyingine. Alisimama kwenye matangazo, akasema kwamba huu ugonjwa wake daktari amemwambia unasababishwa na kirusi, unachukua miaka mingi kabla haujawa saratani, na ukikutwa mapema unatibika. "Mimi nimechelewa kwa sababu ya aibu. Ninyi mna hospitali mlangoni."

Basi tulianza na mabinti. Chanjo ya HPV, kirusi hicho, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, bure, na katika jumuiya yetu walikuwepo wazazi waliozuia mabinti zao kwa maneno ya mtaani kwamba inaharibu uzazi. Mkunga alizunguka nyumba kwa nyumba. Baba mmoja alikaa mgumu mpaka leo, na hatujamwacha. Kisha tukajipangia sisi kina mama kwenda kupima. Kipimo chenyewe ni cha siki: muuguzi anapaka, anasubiri kidogo, anaangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Wawili walikutwa na mabadiliko, wakatibiwa mapema kabla mambo hayajawa saratani. Wengine walitaka kuahirisha, mara biashara, mara mgeni, ila mwenyekiti alikuwa ameshaandika majina yetu kwa zamu, na la kwake lilikuwa la kwanza. Aliingia, akatoka akijifunga kanga vizuri, akatangaza kwenye foleni nzima, kwa sauti ile ile ya Feri, kwamba hakuna kinachouma, ila siki ni ya baridi.